Filta Tuliyoikaza Pamoja

Jumapili, baada ya ibada

Kwako Baba mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kama uzima ni neno kubwa kwa umri wako, basi ikukute unaamka mwenyewe na kufunga vifungo vya shati mwenyewe, maana ulishaniambia hiyo ndiyo afya, mengine ni mapambo. Goti lile vipi? Na macho, yale matone uliyopewa yanasaidia, au herufi bado ni sisimizi? Mama naye kifua kimetulia? Mfikishie shikamoo yangu sasa hivi, kabla hujaendelea kusomewa, kwa sababu tukifika mbele huenda usitake tena kubeba salamu zangu.

Najua msomaji ni shemeji. Shemeji, habari za kazi? Nakuomba jambo moja: usiruke mstari hata ukiona unakuchoma, wala usimpunguzie Baba maneno ukidhani unamwonea huruma.

Mimi ninaendelea hivyo hivyo kwa neema ya Mungu. Pasi ni ileile, meza ni ileile, mvuke unanipanda usoni, na mashuka ya hospitali hayaachi kuja, maana wagonjwa hawakosekani duniani. Tofauti ni kwamba sasa nayapeleka kwa mkokoteni wa kukodi. Mwenye mkokoteni ni mcheshi, kila asubuhi ananiuliza kama gari langu limefufuka. Nikimwambia bado, anasema basi mashuka yapande punda wa miguu miwili, ndiye yeye huyo. Nacheka, Baba. Mtu akikubebea mzigo huku anakuchekesha, ni dhambi kumnunia.

Mimi si mtu wa kalamu, unajua. Shule niliiacha pale ilipoanza kuwa ngumu, nikashika sabuni. Lakini simu nimeijaribu mara nyingi. Wewe ukishapokea tu na kusema "Karibu mwanangu," naishia kukuuliza habari za mvua. Karatasi afadhali, haina sauti yako.

Kabla ya lililonifanya niandike, niruhusu nimseme marehemu mke wangu kidogo, maana hapa nyumbani sina wa kumsema naye. Watoto hatukujaliwa, na kuta hazijui kuitikia. Ulinipa mke ambaye kucha zake hazikuwahi kuwa nyeupe. Nilipokuja kuposa, wazee wangu waliviona vile vidole wakanong'onezana kwamba huyu binti atatia oili kwenye wali, na wewe ukawasikia, ukawajibu kwamba oili ni bora kuliko kutu. Ulikuwa umemlea gereji kwako, analala usingizi wa mchana kwenye kiti cha gari bovu, na watu wakakucheka kwamba umekosa kazi ya kumpa mtoto wa kike. Hukuwajali. Nami nilivuna.

Tulipoanza maisha majirani walishindwa watuweke wapi. Mume anafua, mke kalala chini ya gari. Mimi nafua, yeye anachafua. Ovaroli lake lilinitoa jasho kuliko mashuka ya wodi nzima. Wakampachika jina Bibi Spana. Mimi wakaniita Bwana Tochi, kwa sababu alipoingia chini ya gari kazi yangu ilikuwa kumulika, na kila mara nilimulika pasipohitajika. Sauti ilikuwa inatoka kule chini ikiniuliza, mume wangu, unanimulika mimi au unaimulika nati? Nami nilikuwa namjibu kwamba mimi na nati hatujuani.

Lile gari dogo la mizigo tulilinunua jipya, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwetu kukalia kiti ambacho bado kimevishwa nailoni. Muuzaji alitueleza kwamba lina dhamana ya kiwanda: likiharibika kwa kosa lao watalitengeneza bure, mradi na sisi tulihudumie inavyotakiwa. Kisha akaiangalia mikono ya marehemu, akacheka, akasema Mama, hili usiliguse, ukifungua boneti tu umeiua dhamana. Marehemu hakubishana. Aliomba kitabu cha maelekezo, akakaa nacho kwenye kochi siku kadhaa kama mtu anayejiandaa kwa ubatizo. Halafu akarudi dukani kwao, akamwuliza yule kijana muuzaji kwa upole: hapa wameandika oili ya aina hii, filta ya kuchujia oili iwe ya asili ya kiwanda, muda usipitilizwe, risiti zitunzwe. Wapi wameandika mikono ikatwe? Kijana akaenda kumwuliza mkubwa wake, akarudi akikubali kwamba ni kweli, mwenye gari anaweza kubadilisha oili nyumbani kwake, ila siku injini ikileta matata watataka kuona kwamba kazi ilifanyika, na ilifanyika sawasawa. Wakaagana wakitaniana.

Unakumbuka kisa cha shangazi, dada yako? Alisikia kwa watu kwamba gari letu liko kwenye dhamana, akaja mbio, machozi yanamlengalenga, akauliza lilikamatwa wapi, kwa kosa gani, na nani aliyekwenda polisi kulitoa. Alikuwa ameshaliombea njia nzima. Marehemu alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akamshika mkono shangazi na kumwambia asante, maombi hayapotei.

Lakini ujue, mara ya kwanza kulibadilishia oili gari lile, aliogopa. Hukumwona, mimi nilimwona. Alinawa mikono kabla ya kuanza, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya. Akakupigia simu kukuuliza, na ulimjibu kwamba wewe ulijifunza kwa injini za zamani, hii mpya afuate kitabu, mstari kwa mstari. Akafuata. Na kila muda ulipofika alifuata vilevile, na risiti akazitia kwenye bahasha, mpaka ugonjwa ulipomlaza.

Yaliyokuja baadaye unayajua, au tuseme unajua niliyokuambia. Tulimzika. Mwaka haukuisha, injini ikasimama njiani, nimejaza mashuka safi nyuma, ikagoma kabisa hata kuzungushwa kwa spana. Kampuni waliotuuzia wakalivuta, wakalifungua, wakakataa kulitengeneza kwa dhamana. Nikaja kwenu na huzuni yangu. Tulikaa sebuleni, wewe kwenye kiti chako cha dirishani, Mama, shemeji, na shangazi. Shemeji akaniuliza kampuni wamesemaje, nikajibu wamesema gari halijafanyiwa huduma nzuri.

Kisha shemeji akasema alishaonya tangu mwanzo, kwamba kampuni ina mashine za kupimia na watu waliosomea, lakini dada yake akang'ang'ania ufundi wa nyumbani. Shangazi akasema marehemu hasemwi, na shemeji akajibu kwamba yeye hamsemi marehemu, anaisema injini. Wote tukakuangalia wewe. Uliangalia kiganja chako cha kulia, ukakigeuza, ukakigeuza tena. Kisha ukasema basi mkono uliokosea ni wako mwenyewe. Yeye alikuwa mtoto, alishika ulivyomshikisha, na kama alikosea basi ulikosea wewe kabla yake.

Mimi nilikuwa nimekaa pale, Baba. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikunywa chai.

Wiki iliyopita shemeji alinipigia simu. Hakupiga kwa ajili hiyo, alipiga kunijulia hali, akaligusia tu katikati ya mazungumzo. Alisema Baba siku hizi hashiki kitu. Jirani alileta pampu ya maji uisikilize tu inalia wapi, ukamwambia apeleke kwa mafundi. Tena lile sanduku lako la spana umempa yule fundi wa baiskeli wa pale kona, na alipokuuliza unamdai nini, ukamwambia mkono uliompotosha mtoto wako mwenyewe haufai kushika chuma. Shemeji aliniambia hayo kisha akaniuliza kama huku kwetu kuna mvua.

Tangu siku hiyo nikipiga magoti maneno hayapandi. Tumekatazwa kumsingizia jirani, sembuse mke, sembuse mke aliyelala kaburini ambaye hawezi kuinuka kujitetea.

Baba, mwanao hakukosea. Wewe hukukosea. Injini ile niliiua mimi.

Shemeji, usisite, endelea kusoma.

Mara ya mwisho marehemu kubadilisha oili alikuwa ameshapungua sana, ovaroli linamning'inia kama nguo iliyoanikwa. Nilimwomba tulipeleke kwa kampuni. Alisema ndoo nimemnyang'anya, jiko nimemnyang'anya, hata ufagio nimeuficha, basi hili nimwachie. Nikamtandikia godoro dogo chini ya gari, akaingia taratibu, akipumzika kila baada ya kazi kidogo. Akamwaga oili ya zamani. Akatoa filta ya zamani. Ile mpya akaipaka oili kidogo kwa ncha ya kidole, pale kwenye mpira wake, kuzunguka mpaka mwisho, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Wewe ndiye uliyemfundisha hivyo. Akaifunga. Kisha nikamsikia ameniita, si kwa utani. Alisema nguvu zimekwisha, filta haijakaa.

Nikaiweka tochi chini, nikajilaza kando yake. Miaka yote ile ya kumulika, ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona tumbo la gari nikiwa chali. Mkono wake ulikuwa umeishika filta. Akaniambia niweke wangu juu ya wake, tukazungusha pamoja. Nilitaka kuongeza nguvu, akanizuia. Alisema basi, filta inakazwa kwa mkono, haikazwi kwa hasira. Tukabaki tumelala pale kidogo, hatuna haraka. Baba, mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka mingi, lakini nikimkumbuka, namkumbuka pale.

Alipofariki, nilikwenda siku moja kuangalia chini ya gari, sijui nilikuwa natafuta nini. Vidole vyake vilikuwa bado vipo. Alama zake nne, nyeusi, kwenye rangi ya filta, za oili na vumbi lililoshikana. Kuanzia hapo ikawa mazoea. Asubuhi kabla ya kupakia mashuka nilikuwa najilaza chini naziona zile alama. Mimi ambaye riziki yangu ni kuondoa madoa ya watu, doa lile nililitunza.

Muda wa kubadilisha oili ukafika. Binti wa kampuni akanipigia simu, akaniambia kama mama hayupo tena, basi nilete gari wao watalifanyia, dhamana isipotee. Nikasema nitakuja. Akapiga tena, nikasema nitakuja. Siku moja nilifika kweli, fundi wao akalipandisha juu, akashika ile spana ya kufungulia filta, akaipeleka pale pale kwenye alama za vidole vya marehemu. Nikamwambia aache, nimesahau kitu nyumbani. Nilikuwa sijasahau kitu. Niliondoka sikurudi.

Oili ikipungua nilikuwa naongeza kidogo kidogo kutoka kwenye galoni aliyoiacha yeye. Galoni ilipoisha sikununua nyingine, kwa kuwa nyingine isingekuwa yake. Nayaandika haya nayaona yalivyo ya kipumbavu, lakini wakati ule yalikuwa na maana kamili. Ile taa nyekundu ya kuonya kuhusu oili, yenye umbo la birika, ilipowaka mbele yangu, Baba, niliiombea. Ndiyo, mimi mtu mzima, niliweka mkono juu ya usukani nikamwomba Mungu aizime. Ikazimika kwenye tuta, ikawaka kwenye kona. Nikasema Mungu anajibu polepole. Kumbe alikuwa ameshanijibu, birika lenyewe ndilo lilikuwa jibu.

Msimamizi wa gereji ya kampuni, mtu mpole, aliniita pembeni baada ya kuifungua injini. Oili ilikuwa imekuwa kama lami. Alikuwa ameshaipitia ile bahasha ya risiti za marehemu. Aliniambia kwamba huduma zile za mwanzo hana neno nazo, vifaa ni vya asili, muda haukupitilizwa, hata ile boliti ya kumwagia oili ilifungwa na mtu anayejua, haikuliwa na spana hata pembe moja. Akauliza fundi huyo yuko wapi, kwa sababu yeye angempa kazi kesho. Nikamwambia ametangulia mbele ya haki. Akavua kofia. Kisha akasema, mzee wangu, shida ni kwamba tangu hapo gari hili halijafanyiwa huduma.

Hayo ndiyo maneno. Njia nzima ya kuja kwenu nilikuwa nayarudia nisiyapoteze, pamoja na sifa zile, nikukabidhi kama zawadi. Lakini shemeji aliponiuliza, nikaziona nyuso zenu, nikaliona na swali linalokuja nyuma yake: kwa nini halikufanyiwa? Ningejibu nini sebuleni pale, kwamba nilikuwa natunza filta? Nikaongeza neno moja. Msimamizi alisema gari halijafanyiwa huduma. Mimi nikasema halijafanyiwa huduma nzuri. "Nzuri" tu, Baba. Neno zuri namna ile, nikalipeleka kwenye kazi mbaya. Lilipotoka kinywani, lawama ikaninyanyukia, ikanipita, ikaenda kumkalia yeye kaburini, na wewe ukaivuta kutoka kwake ukaiweka kwenye kiganja chako. Nami nikaona ni nyepesi nisipoibeba.

Na filta yenyewe, usidhani ninayo. Wakati wanafungua injini waliitoa, wakaitupa kwenye pipa pamoja na nyingine, zimerundikana zote nyeusi, sikuweza kuitambua. Najua marehemu angeniambia nini. Angesema filta kazi yake ni kushika uchafu kisha itupwe, na anayeitunza filta anatunza uchafu.

Basi, Baba, nimemaliza. Sikuombi unisamehe leo, wala sikuombi usinichukie. Ninaomba haya tu. Uongo niliusema sebuleni mbele ya watu, basi na barua hii isomwe sebuleni mbele ya watu walewale, Mama akiwepo na shangazi akiitwa. Shemeji, mimi na wewe tulimkosea dada yako, lakini wewe ulikosea kwa kudanganywa na mimi nilikosea kwa kujua, kwa hiyo usijipige sana kifua, niachie mimi. Na shemeji akishamaliza kusoma, Baba, nakusihi unyanyuke, goti likikubali, uende pale kona kwa fundi wa baiskeli ukamwombe sanduku lako. Mweleze ulimpa kwa kosa la mtu mwingine. Nimesikia ni mtu wa kuelewa. Mkono wako ndio uliofunga boliti ile bila kuila pembe, ukiwa ndani ya mkono wa mwanao.

Nisalimie Mama, mwambie shuka lake la maua nimeshalipiga pasi, nitalituma. Nisalimie shangazi, mwambie aniombee kama alivyoliombea gari, na safari hii hajakosea, mimi ndiye mwenye kesi. Nisalimie majirani wote wanaoniulizia, kama bado wapo.

Naomba unijibu mapema, Baba, hata kama ni mistari miwili, niambie kama umezichukua spana zako.

Ni mimi mkweo,
mume wa marehemu binti yako